Njia ya Siafu kwenye Ukuta wa Matrah

12 Juni

Skuli zimefungwa leo. Nimerudisha funguo za chumba cha sanaa, kisha nikaendesha moja kwa moja hadi Matrah, upande wa bandari wa Maskati, kuutazama ukuta. Uko nyuma ya soko, kwenye uchochoro unaotokea penye maegesho ya magari. Ni ukuta wa ghala la zamani, mita kumi na mbili kwa nne, umepakwa chokaa wiki iliyopita. Niliuwekea kiganja nikakitoa upesi, kwa moto uliokuwa nao. Miaka ishirini nafundisha watoto wa watu kuchora, na huu ndio ukuta wangu wa kwanza.

Kamati ya sanaa ya mji inatengeneza kuta saba za kuchorwa. Kila ukuta unamuenzi mhenga mmoja na kazi ya mikono yake. Kuna mfumaji wa mazulia, kuna mfua fedha, kuna mfinyanzi. Wangu ni mshona kofia. Sura hazitakiwi, mikono inaruhusiwa. Chini kulia panaachwa kisanduku cha jina. Hadeel, binti wa kamati anayetusimamia, nimempita kama miaka kumi na tano, ananiita mwalimu kwa heshima zote na kunisukuma kama mwanafunzi wake: kazi iishe Agosti thelathini na moja, ufunguzi Septemba nne.

Kaka Thani alisaini barua ya idhini ya familia jana baada ya chakula. Alilisoma jina, Rayya binti Maan, akasema vizuri, watu wajue tulikotoka. Rayya ni mama wa Asya, bibi yetu mzaa mama, na kofia za kwetu ni kazi ya mikono yake. Alizikwa Unguja.

15 Juni

Nimechora mistari ya kwanza. Nakshi niliyoichagua kwetu inaitwa njia ya siafu. Ni vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, vinafuatana kwa mstari unaopinda, unapanda, unashuka, mpaka umeizunguka kofia nzima. Mama bado anayo kofia ya baba yake iliyoshonwa hivyo. Katikati ya ukuta nitaweka mikono miwili mikubwa, wa kulia umeshika sindano.

18 Juni

Joto nyuzi arubaini na sita. Rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika ukutani.

23 Juni

Sasa nina utaratibu. Nikishaswali alfajiri natoka nyumbani Mawaleh, naanza kazi jua halijatokeza, na saa tatu asubuhi nashuka kwenye jukwaa la mabomba. Baadaye haiwezekani. Narudi nyumbani, mapazia yamefungwa, viyoyozi vinanguruma, na hapo ndipo tulipo sote hadi magharibi.

Sote ni Mama, Kaka Thani, Noof na mimi. Nyumba ni ya Thani. Mimi niliingia baada ya talaka yangu, mwaka wa tisa sasa. Hakuna aliyewahi kunikumbusha kuwa nyumba si yangu, na sijawahi kusahau. Thani amestaafu wizarani, Mama humsemesha Kiswahili yeye akajibu Kiarabu, mkewe alifariki zamani, na kazi yake siku hizi ni ndoa ya Noof. Mwanawe huyo ana miaka ishirini na nne. Ameposwa na kijana anaitwa Sami, watu wa Qurum, kabila lao kubwa na majina yao marefu. Nikahi ni Oktoba. Noof mwenyewe kutwa yuko na simu yake, ukimsemesha anaitika bila ya kuinua macho.

29 Juni

Mama aliniomba nimuoneshe picha za ukuta. Nikampa simu. Alizitazama moja moja, miwani imemshuka puani, kisha akauliza kisanduku kile kitaandikwa jina la nani.

"La Bibi Rayya," nikamwambia.

Akanirejeshea simu. "Rayya hakujua hata kushika sindano," akasema. Kisha akaomba chai.

30 Juni

Nimemuuliza tena. Anasema amesahau. Mama huyu anakumbuka rangi ya viatu vya kila bibi harusi aliyemuona tangu yuko Unguja.

4 Julai

Leo Thani alipokwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, Mama aliniita chumbani kwake.

"Funga mlango, kaa hapa," akasema. Alikuwa ameiweka ile kofia ya baba yake magotini.

"Aliyeshona hii akiitwa Zafarani. Si jina alozaliwa nalo. Walompata ndo walompa."

"Ni nani kwetu?"

"Mama wa mama yangu."

Nikamwambia hapana, mama wa Bibi Asya ni Rayya. Nilimwambia kwa upole, kama unavyomsahihisha mtu mzima aliyechanganya tarehe. Mama akaningojea nimalize.

"Rayya alikuwa mke, hakuzaa. Zafarani alikuwa suria. Babu alinunua mtoto wa kike atoka bara, akakulia jikoni, alipokuwa mkubwa akamweka ndani. Akamzalia Asya. Mtoto wa suria ni huru, ana jina la baba yake na kabila la baba yake, sheria ndo ilivyo. Basi mtoto akapewa Rayya amlee. Mama yangu mbele za watu akimwita Rayya mama. Mama yake aliyemzaa akimwita kwa jina, Zafarani, lete maji."

"Na wakiwa peke yao?"

"Wakiwa peke yao akimwita mama. Kwa sauti ya chini. Mimi nkiwasikia, maana nilikuwa nimekaa miguuni pake akishona. Kafa nna miaka kumi."

Mama akapitisha kidole juu ya vitobo vya ile kofia.

"Hii njia ya siafu, siafu ni jina tulilotia sisi watoto. Mwenyewe hakuiita hivyo. Akinambia, 'Hawa ni watu wanakwenda, mwanangu. Huyu ni mimi. Huyu wa nyuma yangu ni ndugu yangu.' Nkamuuliza wanakwenda wapi. Akasema, 'Wanakuja huku.' Nkamuuliza, na huyo nduguyo yuko wapi sasa? Akanambia nimtungie uzi kwenye sindano."

Nikamuuliza kwa nini hakutwambia.

"Nilipofika Maskati nilikuwa na kaka yako mkononi na Kiarabu cha kuombea maji tu. Watu wakatuuliza nyie nani, mmetoka wapi, bibi zenu nani. Nkasema Rayya. Ukishalisema jambo mara moja inakubidi ulilinde." Akaigeuza ile kofia. "Sasa nna miaka themanini na miwili. Nnataka kuliona lile jina limeandikwa mahali, Kawthar, kabla sijafumba macho."

Tukasikia gari ya Thani inaingia. Mama akaivua miwani akajilaza, na mimi nikafungua mlango.

5 Julai

Mita nane za siafu nimeshazipaka. Leo sikupaka kitu. Niligeuza ndoo ya rangi nikaikalia, nikawatazama mmoja mmoja mpaka jua likanifukuza.

6 Julai

Nimemwambia Thani. Alikuwa sebuleni akipanga majina ya wageni wa harusi. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka, na hapo nikatambua kuwa alikuwa anajua.

"Ukuta una jina, na jina nimelisaini," akasema.

"Mama ndiye anayetaka."

"Mama ni mtu mzima. Sami na baba yake wakipita pale, au mtu wao yeyote akapiga picha akaituma? Bibi yao Noof mjakazi. Itafika Qurum kabla rangi haijakauka. Nikahi ni Oktoba."

"Basi tuandike baada ya Oktoba."

"Baada ya Oktoba kutakuwa na watoto wa Noof," akasema, na akarudi kwenye majina yake.

9 Julai

Joto. Umande wa baharini umeingia, hewa nzito kama blanketi la maji. Hakuna la zaidi.

13 Julai

Nimemwendea Hadeel ofisini. Nilimwomba turuhusiwe kuandika, Kwa mabibi zetu wote waliokuwa wakishona. Nilijiona nimepata mlango wa kutokea.

"Mwalimu, majina ya jumla tunayo ya kutosha," akasema. "Kila ukuta mtu mmoja, jina lake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwani Bibi Rayya ana nini?"

Nikasema hana kitu. Nikauliza kama naweza kujitoa. Alinitazama kama niliyeugua. Akasema ukuta umebaki theluthi, na msanii wa kuingia katikati ya joto hili hampati.

14 Julai

Mama kauliza kama nimeanza herufi. Nikamwambia bado.

17 Julai

Kauliza tena. Bado.

18 Julai

Bado.

22 Julai

Gari yangu iko gereji, kiyoyozi kimekufa. Thani alinifuata Matrah asubuhi. Hakushuka kuutazama ukuta. Tulipofika Qurum kulikuwa na ajali mbele, magari yamefungana, tukakaa pale dakika arubaini, hakuna pa kugeuka.

Alianza kusema bila ya mimi kumuuliza, macho yake kwenye gari ya mbele.

"Wewe umezaliwa hapa. Mimi nilikuja na miaka minane. Siku ya kwanza skuli nilisema neno moja la Kiswahili, darasa zima likacheka. Mwalimu wa Kiarabu akanisimamisha mbele, akaniuliza baba yako nani, babu yako nani. Nikataja. Akauliza na mama wa bibi yako? Nikasema Zafarani. Nilikuwa nimelisikia kwa Bibi Asya, anamuombea dua. Mwalimu akanirudisha kitini. Lakini wenzangu walijua lile ni jina la aina gani, watumwa wakipewa majina ya viungo. Waliniita khadim mpaka darasa la sita."

Khadim ni mtumwa. Sikumwambia kuwa najua maana yake.

"Niliporudi nyumbani siku ile nilimuuliza Mama. Akanipiga kofi, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Akasema mama wa bibi yako ni Rayya. Basi. Nimesema Rayya kuanzia siku ile. Nimesema Rayya wizarani, nimesema Rayya nilipoposa. Leo Mama amechoka kusema Rayya, na mimi na mwanangu ndio tulipe."

Magari yakaanza kusogea. Nilikuwa nimemchukia kaka yangu kwa wiki mbili nzima, na ilikuwa rahisi. Sasa sijui niiweke wapi ile chuki.

30 Julai

Nimeandika Rayya binti Maan. Kwa rangi nyeupe juu ya buluu, herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ukuta umekwisha isipokuwa kona ya juu.

31 Julai

Nimemwambia Mama ukuta bado.

3 Agosti

Bado, nimemwambia.

10 Agosti

Leo Mama hakuuliza. Alimwambia Noof amvalishe na amtie garini. Nilipotoka chumbani kwangu nilimkuta ameshakaa mbele, mkanda amefunga, kiti cha magurudumu kimekunjwa nyuma, na Noof yuko kwenye usukani. "Tunakwenda Matrah," Noof akasema. "Bibi anataka kuona. Unakuja?"

Nilikaa nyuma. Safari nzima nilitafuta la kusema. Ningeweza kumwambia Mama kwamba nimefanya vile kwa ajili ya Noof, lakini Noof alikuwa palepale anaendesha. Ningeweza kumwambia ni amri ya Thani, lakini mkono ulioandika ni wangu. Tukaegesha karibu kabisa. Bado ilikuwa mapema, uchochoro una kivuli. Noof akamsukuma hadi mbele ya ukuta, akasema, "Mashallah, Shangazi, sikujua ni mkubwa hivi." Nadhani ni maneno mengi zaidi aliyoniambia tangu Idi.

Mama alianza kushoto. Aliwafuata siafu kwa macho, polepole, mpaka kwenye mikono. Hapo akasita. Kisha akashuka hadi kwenye kisanduku, akasoma kwa sauti, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyotamka herufi. Rayya. Binti. Maan.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Sikuuona uso wake.

"Huyu alimchoma mkono kwa pasi ya makaa," Mama akasema. "Kwa sababu ya kanzu. Mkono wa kulia. Vidole vikaungana. Akajifunza upya kushona, kwa kushoto."

Noof akauliza nani kamchoma nani. Mama akasema jua linakuja, turudi.

11 Agosti

Mama ananijibu salamu tu.

12 Agosti

Salamu tu. Chakula anarudisha nusu.

13 Agosti

Thani kaniuliza Mama ana nini. Nikamwambia amekwenda kuuona ukuta. Akaacha kula. Baadaye nikamkuta amesimama nje ya mlango wa chumba cha Mama, mkono uko kwenye kitasa. Hakuingia.

16 Agosti

Noof alikuja chumbani kwangu saa za mchana, akafunga mlango, akakaa sakafuni. Simu hakuwa nayo.

"Bibi ameniambia yote," akasema. "Siku tatu ananiambia, kidogo kidogo. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Kabla hujaandika jina lile, ulifikiri kuniuliza mimi?"

Nikamwambia tulikuwa tunamlinda.

"Ndiyo, hivyo hivyo Baba anavyosema. Mmekaa, wewe na Baba, mmeamua nini nataka, mkaongopa kwa jina langu ukutani, mita nne kwenda juu. Na mimi nipo chumba cha pili."

Miezi miwili nimeandika humu kwamba mtoto huyu hana habari na lolote.

"Unampenda Sami?" nikamuuliza.

"Nampenda." Alisema bila ya haya yoyote. "Ndiyo maana. Nimemtazama Bibi, Shangazi. Ana miaka hamsini hapa Maskati, na kila mgeni akiingia anakagua kwanza maneno yake. Nimemtazama Baba. Mimi siwezi kuingia nyumba ya watu nikaanza kazi hiyo. Sina nguvu hizo."

19 Agosti

Noof amemwambia Sami. Walikaa kwenye gari yake ufukweni Qurum, mchana kweupe, akamwambia kuanzia Zafarani hadi ukuta. Anasema Sami alisikiliza vizuri, akamuuliza habari za ule mkono. Kisha akasema lazima amwambie baba yake.

"Alisema 'lazima'," Noof akanambia, "na nikajua."

20 Agosti

Hakuna simu.

21 Agosti

Hakuna. Noof amefua mapazia ya nyumba nzima.

22 Agosti

Hakuna. Joto limepungua kwa nyuzi mbili, watu wanashukuru kama waliopewa zawadi.

24 Agosti

Baba yake Sami amempigia Thani baada ya asri. Tulikuwa sote sebuleni. Thani alisimama kuipokea, kwa adabu, na akabaki amesimama. Tulisikia upande wake tu. Naam. Naam, ya akhi, ndugu yangu. Hapana, hapana, nakuelewa. Allah awajaalie heri. Alipokata akasema wameomba tusogeze mambo mbele, mpaka baada ya baridi, halafu watu watazame.

Sote tunajua maana ya kutazama.

Noof akasema, "Sawa, Baba." Akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Baada ya muda tukasikia maji ya bafuni yamefunguliwa, yakakaa wazi muda mrefu.

Nilingoja Thani anigeukie mimi. Nilikuwa tayari, hata sanduku langu nilishalifikiria, ingawa sijui ningelipeleka wapi. Hakunigeukia. Alikaa, akaichukua ile karatasi ya majina ya wageni kutoka mezani, akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kuingia kiganjani. Mama akamwita. "Thani, mwanangu." Hakuitika. Miaka yangu yote sijawahi kumsikia kaka yangu asimuitike mama yake.

25 Agosti

Kila mtu na mlango wake.

26 Agosti

Nimekwenda Matrah na nimelifuta jina. Tabaka moja la buluu halikutosha, Rayya akawa anaonekana kwa chini. Nikapaka la pili. Nikapaka la tatu.

Kisha nikaanza mikono. Nimehamisha sindano kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia nimeuchora kama Mama alivyousimulia siku ile: kidole gumba kiko huru, vilivyobaki vimeungana, unashikilia kitambaa tu. Hadeel alikuja akauliza nafanya nini siku tano kabla ya mwisho. Nikamweleza. Akasema bibi yake mzaa baba naye alikuwa na jina ambalo nyumbani kwao halitajwi. Kisha akawa Hadeel tena: jina likibadilika, barua ya zamani haifai. Inatakiwa fomu mpya, isainiwe na mkubwa wa familia, mbele yake, si zaidi ya tarehe thelathini na moja. La sivyo kisanduku kitabaki kitupu, na ukuta utatolewa kwenye orodha.

27 Agosti

Nimeiweka fomu mezani mbele ya Thani, kwenye sahani yake ya chai. Hakuigusa.

28 Agosti

Bado ipo palepale. Ameiwekea kikombe juu.

30 Agosti

Fomu haipo mezani. Nimetazama hata kwenye pipa la taka.

31 Agosti

Nilikuwa kwenye jukwaa tangu alfajiri, namalizia vidole vya mkono wa kulia. Kama saa moja na nusu nikaiona gari ya Thani inaingia maegeshoni. Mama yuko mbele, Noof nyuma. Thani akashuka, akafungua kiti cha magurudumu, akamnyanyua Mama mwenyewe akamkalisha, akamtengeneza kanga miguuni. Kisha akarudi garini, akafunga mlango na vioo, na injini akaiacha inanguruma.

Noof akamsukuma Mama hadi ukutani. Nilishuka. Mama aliutazama ule mkono wa kulia muda mrefu, akaomba asogezwe karibu, akaugusa, pale vidole vilipoungana. Rangi ilikuwa mbichi, ikamshika kwenye ncha za vidole. Hakuifuta.

Hadeel alikuwa ameshafika na jalada lake. Akamwamkia Mama, akapiga goti mbele ya kiti, kalamu mkononi.

"Zafarani binti nani, Bibi?"

"Sijui," Mama akasema.

"Jina la baba yake?"

"Alichukuliwa mdogo. Hilo jina alikuwa nalo njiani, akanambia, halafu siku moja akalitafuta hakuliona."

Hadeel akasema kwa upole kuwa wengine katika hali hiyo huandikwa binti Abdullah. Mama akatikisa kichwa. "Huyo ni nani? Msimtilie baba wa kubuni. Ameshatiliwa mengi. Andika Zafarani, mama yake Asya. Hilo ndo neno hakuwahi kuitwa mbele za watu. Liandike kubwa."

Nikaandika. Zafarani, mama yake Asya. Safari hii herufi ya kwanza imekaa upande kidogo. Noof alinishikia kopo la rangi.

Nilipomaliza ilibaki fomu. Hadeel alitazama saa yake, akatazama gari. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa, na kwa jua lile hatukuweza kuona ndani.

Mlango ukafunguka. Thani alikuja mpaka pale tulipo, akiwa ameshika fomu, imekunjwa mara nyingi kama ile karatasi ya harusi. Hakuinua macho kuutazama ukuta. Aliikunjua juu ya jalada la Hadeel, akaandika jina lake kamili, baba, babu, kabila, haraka, kama alivyokuwa akisaini makaratasi ya wizara miaka thelathini. Kisha kalamu ikasimama. Nilichungulia. Ilikuwa sehemu inayosema, Uhusiano na marehemu.

Alisita juu ya mstari ule. Jasho lilikuwa likimtona kutoka chini ya kofia yake likidondokea kwenye karatasi.

"Mama," akasema mwishowe, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Miye kwake ni nani?"

"Kitukuu," Mama akasema.

Akaandika. Akamrejeshea Hadeel kalamu yake, akashika mipini ya kiti cha Mama, akasema twende, gari nimeiacha inanguruma.